Sindano ya Kumsubiri Winfrida

Ujiji, 7 Aprili 2024

Mwanangu Winfrida,

Naanza na salamu, maana hata nyumba ya ndugu mtu haingii bila kubisha. Baba yako mzee Elikana anakusalimu. Magoti yanamsumbua, ila sauti ya kufukuzia kuku bado anayo. Kaka yako Adolf anakusalimu, anashinda ufukweni na injini za mitumbwi ya watu, akirudi ananuka petroli hadi mkewe anampokea mlangoni na sabuni. Huyo mkewe Gloriose anakusalimu kwa Kirundi chake. Nikamwambia wewe wifi yake umekaa Ulaya miaka yote, utakuwa umekisahau, akasema salamu haisahauliki, amahoro. Binti yao Esther anakusalimu, yuko darasa la nne, anauliza kama huko Ubelgiji kuna mawese. Jirani yetu Regina wa dagaa anakusalimu. Shadia uliyesoma naye, ambaye sasa ni nesi wa zahanati yetu, anakusalimu sana. Na mimi mama yako ndiye wa mwisho, kama mpishi anavyokula mwisho. Mwakeye, mwanangu, kwa Kiha chetu.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu naishia kukuuliza umekula nini, mtandao unakatika, na yale niliyokusudia yanabaki kifuani. Karatasi hainikatizi. Mwandiko ni wa ngumbaru, uuvumilie.

Sasa sikiliza yaliyotokea Pasaka. Adolf alimwonyesha mchungaji ile picha yako kwenye simu, umevaa koti jeupe, umeshika kidonge kwa vidole viwili kama mtu anayechagua punje ya mbegu. Mchungaji kwenye matangazo akasimama, akasema binti wa hapahapa Ujiji anatengeneza dawa ya sukari ya kumeza, watu wasichomwe tena sindano, na kwamba chuo kinataka kumfanya profesa. Mwanangu, watu walipiga makofi kama harusini. Baba yako alitazama chini akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kile kiatu hakina kamba.

Mimi niliyakumbuka ya zamani. Wenzako nikichinja kuku walikuwa wanagombania firigisi, wewe unagombania utumbo. Unaunyoosha juu ya jani la mgomba, unaufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho kama mtu anayefuata njia ya Simbo, unaniuliza hapa mahindi yanakuwaje, na hapa je. Nilikuwa nakuchapa kwa kuchelewesha mboga. Ningejua ningekuachia kuku mzima. Halafu ukaenda Dar es Salaam kusomea dawa, ukamaliza, tukachinja mbuzi. Ukasema kuna digrii nyingine, ukamaliza, tukachinja. Ukasema kuna ya udaktari ila si wa hospitali, huko Ubelgiji. Nikamuuliza baba yako, hivi shule ya huyu mtoto ina mwisho kweli? Akasema mwisho wake ni mbuzi wakiisha.

Basi wiki iliyofuata nikaenda zahanati siku yetu sisi wagonjwa wa sukari. Regina alikuwa amemsindikiza shemeji yake. Aliponiona kwenye foleni akasema kwa sauti, wote wakasikia, "Mama wa kidonge, na wewe bado uko huku kwenye sindano? Au mtoto anawatengenezea Wazungu tu?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Ni utani wa jirani, humjui Regina? Nikaenda zangu nyumbani.

Ulisema kufika mwezi wa sita majaribio ya kwa watu yatakwisha. Si mbali. Nakungoja wewe na kidonge chako, mwanangu. Kila jioni nakutaja kwa Mungu.

Nijibu.

Mama yako, Yunisi

*

Ubelgiji, 2 Mei 2024

Mama mpendwa, shikamoo. Baba naye shikamoo yake. Msalimie Adolf, na wifi Gloriose mwambie salamu yake nimeielewa bila mkalimani: amahoro na kwake. Esther mwambie mawese yapo, yanauzwa kwenye chupa ndogo kama ya manukato, na hayana harufu ya nyumbani. Regina na Shadia pia wasalimie.

Barua yako ilikaa Dar wiki mbili kwa yule rafiki wa Adolf, lakini imefika. Nimeisoma nikiwa jikoni, nikacheka peke yangu kwa kiatu cha baba. Nakumbuka pia ile fimbo ya utumbo wa kuku. Leo nina wanafunzi saba wanaonilipia ile fimbo. Nawauliza maswali hayohayo, kidonge kikifika hapa kinakuwaje, na hapa je, na wasipojua nawarudisha maabara.

Kuhusu kidonge, kazi inaendelea. Kuna mambo machache ya kurekebisha. Hizi kazi huwa hazina haraka, Mama, na ningependa mchungaji asitangaze tena mpaka nimwambie.

Uprofesa umefika kwenye kamati ya mwisho. Wakikubali nitasimama mbele ya watu mwezi wa kumi na kuwaeleza kazi ya maisha yangu kwa saa nzima. Wenzangu wanaleta wazazi wao. Mimi nitasimama tu.

Mama, sindano unachoma? Asubuhi na jioni? Na kwa nini siku hizi hupokei simu ya picha? Nikipiga Adolf ananiambia umetoka, nikipiga tena umelala. Nataka kuuona uso wako.

Mwanao, Winfrida

*

Ujiji, 16 Juni 2024

Mwanangu Winfrida,

Pokea salamu za nyumba nzima, na kwa sasa nyumba imejaa kweli, maana ziwa limefungwa hadi Agosti ili samaki wazaane. Adolf yupo, hana injini ya kutengeneza, anatengeneza vitu vya ndani ambavyo havijaharibika. Juzi amefungua redio ya baba yako, na sasa inashika Bujumbura peke yake. Baba yako kanuna, Gloriose anafurahi. Esther amekuwa wa tatu darasani, anasema akimaliza shule atakuja kufua makoti yako meupe. Regina hana dagaa wa kuanika, kwa hiyo anaanika maneno. Shadia amehamishiwa zahanati ya Katubuka kwa muda, simuoni.

Barua yako nimeisoma, nikamsomea baba yako, na sehemu ya wanafunzi saba nikamsomea Regina mara mbili, ya pili hakuwa ameiomba. Wewe uwarudishe maabara watoto wa Wazungu, wewe uliyekuwa unakwenda shule na daftari ndani ya mfuko wa sukari. Mimi sijui maabara inafananaje. Naiwaza ni kama jiko ambalo mpishi haruhusiwi kuonja.

Umeuliza habari ya sindano. Mwanangu, dawa iko salama. Chungu chake kipo palepale pembeni ya mlango wa uani pasipofika jua, mchanga wake nauloanisha maji asubuhi, na Esther anauloanisha akitoka shule. Vichupa viko baridi kama vimetoka kisimani. Ukivishika utafurahi. Usiwe na wasiwasi na chungu.

Simu ya picha, kioo chake kimepasuka. Adolf anasema atakitengeneza.

Kiangazi cha mwaka huu kina kiu. Nakunywa maji hadi mtungi unanishangaa. Kiatu changu cha kushoto kimeanza kunibana, sijui ngozi imekauka, basi navaa ndala za Gloriose. Macho nayo yana ukungu kidogo, ndiyo maana leo herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Uzee, mwanangu. Baba yako anasema na yeye haoni vizuri, ila yeye haoni kazi.

Sasa mwezi wa sita ndio huu. Sikuulizi ili kukuharakisha. Nauliza tu kama kitakuja kwa posta au utakileta mwenyewe, maana watu wananiuliza.

Nijibu.

Mama yako, Yunisi

*

Ubelgiji, 11 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Wasalimie wote. Leo sitawataja mmoja mmoja, unisamehe, salamu zimenishinda.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mtoto wako, nikacheka kwa redio. Nimeisoma mara ya pili kama mfamasia, nikakaa chini. Nilikuuliza sindano, ukanijibu chungu. Umeniambia habari ya mchanga, ya maji, ya Esther, ya baridi ya vichupa, na mahali popote hukuandika neno "nachoma". Kiu, mguu, macho. Mama, hayo si kiangazi wala si uzee.

Kabla barua hii haijakufikia Shadia atakuwa ameshafika kwako. Nimempigia leo asubuhi, amesema atakuja jioni hiihii akitokea Katubuka. Usimkasirikie. Usimkasirikie na Adolf, ambaye aliponisikia nalia alikiri kwamba simu yako haina ufa wowote.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa chini si ya kukuokoa, hayo yanafanywa na Shadia. Haya ni yale ambayo mimi sikukuandikia.

Kidonge hakikufaulu. Nilijua tangu kabla ya barua yangu ya Mei. Dawa ya sukari ni kama nyama, Mama. Ukiimeza, tumbo haliulizi ni ya nani, linaipika kama mboga. Kazi yangu ya miaka kumi na moja ilikuwa kuitengenezea ganda la kuivusha tumbo salama hadi kwenye utumbo mwembamba, na hapo niliweza. Shida iko ukutani. Ukuta wa utumbo hauifungulii mlango. Kwa nguruwe wetu wa maabara ulifungua. Kwa watu waliojitolea, mmoja ilipita kidogo, mwingine haikupita kabisa, na mtu yuleyule leo inapita, kesho akila chakula kingine haipiti. Huwezi kumpa mtu dawa ya sukari kwa kubahatisha. Tumesimamisha majaribio. Kipo kitakachopatikana siku moja, kwangu au kwa mwingine, lakini sitakuongopea kwamba kinakuja kwa posta.

Sikuweza kuandika hayo. Kila nikishika kalamu namwona msikilizaji mmoja tu, wewe, kanisani, na makofi yale. Unakumbuka nilipokuwa kidato cha pili, ulipoanza sindano na mkono wako ukawa unatetemeka, nikawa nakuchoma mimi kabla ya kwenda shule? Nilikuambia, nitakutengenezea ya kumeza. Wewe ulisahau labda. Mimi nimeishi ndani ya sentensi hiyo.

Kamati imekubali. Wanasema uprofesa si kwa ajili ya kidonge, ni kwa sababu tumeonyesha kwa hakika njia ile inafungwa wapi na kwa nini, na watu wa nchi nyingine wameshaacha kuipita na wanajaribu nyingine. Lakini mimi nimewaandikia kuomba waahirishe ule mhadhara. Nitasimamaje nieleze kazi ya maisha yangu wakati mama yangu ameacha dawa kwa ajili yake?

Niambie ukweli wa mguu.

Winfrida

*

Ujiji, 25 Agosti 2024

Mwanangu Winfrida,

Salamu. Safari hii zipokee zote, maana kila mmoja amekuja kuzileta pembeni ya kitanda. Baba yako mzee Elikana anakusalimu, amejifunza kupika uji, tunaunywa kwa imani. Adolf anakusalimu na anaomba radhi. Ziwa limefunguliwa, amerudi kwenye injini zake, na redio inashika tena Dodoma. Gloriose anakusalimu, ndiye aliyenibeba, nitaeleza. Esther anakusalimu. Shadia anakusalimu, wala sikumkasirikia. Regina anakusalimu, na salamu yake ina habari ndefu.

Kwenye kisomo cha ngumbaru niliandika kwa mkaa kabla ya kalamu, lakini barua ngumu kama hii sijapata kuiandika, kwa hiyo nakwenda polepole.

Shadia alikuja ile jioni na kimashine chake cha kupimia. Alinitoboa kidole, akasubiri, kimashine kikakataa kutoa namba. Nikamwambia kimeharibika, hata vyombo vya hospitali siku hizi. Akasema, "Mama Winfrida, hakijaharibika. Sukari yako imepita mwisho wa kipimo." Gloriose hakungoja gari. Alinibeba mgongoni hadi barabarani kama wanavyobeba mtoto, na mimi na unene wangu huu. Tukalala hospitali, siku zikawa nyingi. Mguu wa kushoto ulikuwa na kidonda chini ya kidole kidogo, nilikuwa nakifunga kitambaa wasikione. Kile kidole wamekichukua. Mguu wameuacha. Ndio ukweli wa mguu ulioutaka. Nimeshauandika, sasa usilie, soma mbele.

Sindano niliiacha tangu ile siku ya foleni. Nilifika nyumbani nikawaza hivi: watu wakimwona mama wa mwenye kidonge anajichoma, watasema kidonge ni uongo. Nikaona nikichoma nakutukana. Nikasema ni miezi michache tu, mwezi wa sita ni kesho. Na dawa nikawa naitunza, sikuitupa, maana kutupa dawa ni dhambi. Baba yako aliponiuliza nilimwambia nachoma chumbani. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa kichwani mwangu, na nilikuwa na furaha nayo.

Barua yako Shadia alinisomea hospitali kwa sababu macho yalikuwa bado. Alipofika pale pa ukuta wa utumbo alisimama. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nilielewa, mwanangu. Nilielewa kila neno, mimi wa ngumbaru. Umeandika tumbo haliulizi nyama ni ya nani. Kumbe ndivyo unavyowafundisha. Nililala pale nikawaza, huyu mtoto alianza na utumbo wa kuku juu ya jani la mgomba, na ameufuata hadi amefika mahali pasipopitika, na badala ya kuongopa amesimama hapo akawaambia wenzake, msipite huku. Watu wangapi wanafika mwisho wa njia wakakubali kusema? Hata mimi sikuweza, na yangu ilikuwa kidonda tu.

Ile ahadi ya kidato cha pili sikuisahau. Ila mimi nilidhani ulisema ili mkono wangu uache kutetemeka, na uliacha. Kwa hiyo kwangu ulishatimiza siku ileile.

Nilipotoka nilimwomba mchungaji dakika moja kwenye matangazo. Nilisimama na fimbo ya baba yako. Nikawaambia kidonge cha Winfrida bado, kimekataa kwenye ukuta wa utumbo, na yeyote aliyeacha sindano akikingoja, kama mimi, leo akachome. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada wanawake wawili walinifuata nyuma ya jengo, na mwanaume mmoja mtu mzima, simtaji. Nao walikuwa wameacha. Kesho yake tulikwenda wote kwa Shadia, ambaye amesharudi zahanati yetu.

Regina alikuwepo zahanati na shemeji yake. Alitazama mguu wangu, akatazama pembeni, halafu kwa kuwa hajui kunyamaza akauliza, "Sasa mama Winfrida, kama hakuna kidonge, huo uprofesa ni wa nini?"

Nikamwambia, "Wa kusema ukweli uliomgharimu. Wewe unamjua mwingine hapa Ujiji?" Nikapandisha gauni nikajichoma pajani, palepale mbele ya foleni. "Na hii naichoma ili nimsubiri. Mtu akiwa hai ndiye anayesubiri."

Jioni Regina alileta samaki, migebuka, amewakausha mwenyewe, akasema ni wako, nikutumie. Nikamwambia Ubelgiji hawataruhusu. Akasema basi kula wewe, wewe ndiye ukuta wake. Sijui alimaanisha nini, ila nilikula.

Sasa nakuomba kama mama, na kama huwa unaniheshimu ndio wakati. Waandikie hao watu kwamba mhadhara upo. Simama mwezi wa kumi. Vaa kitenge kile cha zambarau, si koti. Waeleze njia yote toka mwanzo, usiruke kuku. Ukifika ukutani waonyeshe ukuta, usiuombee radhi. Adolf anasema itaonekana kwenye simu, na simu, kama ulivyosikia, haina ufa. Tutakaa wote sebuleni, Regina amejialika. Mbuzi yupo. Baba yako anasema huyu ndiye wa mwisho, lakini alisema hivyo kwa wote.

Leo nimechoma asubuhi, na sasa hivi kabla ya kukaa kuandika nimechoma ya jioni. Angalia nilivyoandika: nimechoma. Sikuandika chungu.

Basi na wewe usinizungushe kwa habari ya mvua. Niandikie neno moja tu, nasimama au sisimami, na uliandike upesi. Shadia anakwenda Dar wiki ijayo na barua hii, jibu mtumie yeye kwa simu, usisubiri posta. Nimeweka kiti karibu na mlango.

Mama yako anayekusubiri,
Yunisi